Moto Mdogo

Miaka ishirini na mbili nimekula kwa kuegesha.
Chalinze, supu. Mikumi, chapati zilizolala.
Ilula, mkabala na ndoo za nyanya,
wali wa kupimwa kwa kisosi, maharage ya kuhesabika.
Nilijua bei ya kila sahani hadi Tunduma
wala sikujua chumvi hutiwa saa ngapi.

Kisha mgongo ukasema basi.
Daktari naye akasema basi. Tajiri akapokea funguo,
akanipa mkono, gari akampa kijana wa Mwaisumo.
Nikarudi Uyole mwezi wa saba, baridi inang'ata masikio,
na Subilaga, mke wangu, yuko zamu za usiku hospitali.
Aliniachia mkaa, sufuria, na maneno manne:
"Maharage yapo kwenye ndoo."

Ndoo nikaiona. Maharage nikayaona.
Tukatazamana.

Siku ya kwanza sikuchambua.
Tusekile, binti yetu, akatafuna kokoto,
akaitoa ulimini, akaiweka pembeni mwa sahani
kama karani anayetunza ushahidi.
Siku ya pili nilichambua, sikuloweka.
Tangu saa sita mpaka jua linazama nyuma ya Loleza
yalikuwa bado ni nati.
Siku ya tatu siisimulii.
Ile sufuria sasa kuku wananywea maji.

Mama Ngonile akachungulia juu ya ua:
"Baba Tuse, kazi imekwisha ndiyo unachoma nyumba?"
Nikacheka. Mdomo ndio uliocheka.

Usiku ule, macho darini, nikaikumbuka Kitonga.
Ukiiteremka na tani thelathini mgongoni
hushindani na mlima.
Unaingiza gia ndogo, unaiacha injini ikushike,
unazima redio, unasikiliza.

Kesho yake nikapunguza mkaa,
nikabakiza makaa matatu na blanketi la majivu.
Nikavuta kigoda. Nikatega sikio.

Kumbe sufuria ina sauti!
Maji yakiwa mengi inabwata kama utingo aliyelewa;
yakipungua inanong'ona;
yakikaribia kukauka inatoa tss, tss,
breki za upepo kabisa, na hapo unaongeza maji,
ya moto, si ya baridi. Hilo nimelilipia.
Na kitunguu: kwanza kinakuliza, kisha kinakuomba radhi,
na kati ya kunukia na kuungua
kuna nafasi ya kupiga chafya mbili tu.
Karanga nilizitwanga mwenyewe. Zinaingia mwisho,
polepole, kama mgeni anayevua viatu mlangoni.

Subilaga alirudi asubuhi, koti bado mwilini,
akaonja kwa mwiko, amesimama.
"Chumvi imepungua," akasema.
Akaenda kuchukua sahani.
Akajaza, akala, akajaza tena,
na chumvi hakuiongeza.

Nilitembea siku nzima kifua mbele kama jogoo wa Tukuyu.
Lakini si hilo ninalotaka kulisema.

Ninalotaka kulisema ni la juzi, Jumanne.
Tusekile yuko shule, mama yake amelala,
ukungu umeketi juu ya viazi vya jirani
haujaamua kama uondoke,
nami namenya njegere,
tok, tok, ndani ya bakuli la bati.
Hakuna aliyenituma. Hakuna anayesubiri.
Ganda linapasuka chini ya kidole gumba
na ndani wamejipanga, saba, nane,
mmoja mdogo pembeni, hakupata nafasi ya kukua.
Huyo nilimla mbichi. Mtamu.

Lori likapita barabara kuu likipanda,
Scania, na klachi yake imeanza kuteleza.
Zamani ningeinuka, ningekwenda kulitazama
mpaka liishie kwenye kona.

Nililisikia tu.
Bakuli lilikuwa halijajaa.