Kashata

Elirehema ananigongea tairi kwa ngumi
kama muuza tikiti maji.
"Hili, mama, halijui kuteleza."
Namwambia: hata lile kipara nililokuja nalo
niliuziwa na mtu mwenye maneno hayohayo.

Dukani kwake Kiboriloni
harufu ya mpira mpya inapanda kichwani.
Nachuchumaa, natafuta tarakimu nne ubavuni:
wiki, kisha mwaka.
Mpira nao huzeeka umesimama.

Kuna lenye kashata nene kama matofali;
kwenye lami litavuma mpaka Boma Ng'ombe
nisisikie hata redio.
Kuna laini, zuri kwa watu wa mjini
wasioujua udongo wetu wa Mbokomu
ukishanyeshewa siku tatu:
mwekundu, mtamu kwa kahawa,
haushikiki wala haushiki.

Masika yaliyopita pikapu ilishuka kinyumenyume
na madebe sita ya maziwa.
Maziwa yalitangulia mgombani.
Mimi nilibaki nimekanyaga breki,
breki imeshika, gari linakwenda.

Nachukua la katikati. Fedha inatosha mawili.
"Tufunge mbele," anasema kijana wa jeki.
Nyuma, nasema. Mzigo uko nyuma,
na nyuma ndiko kulikoniponyoka.

Jioni, kwenye kona ile, mvua imeanza upya.
Naweka gia namba moja. Nazima redio.
Chini yangu kashata zinatafuna tope
polepole, kama ng'ombe mgeni
anayeyajaribu majani ya kwetu.