Umande wa Kiangazi

Miezi mitano milima ya Efraimu haijaonja tone.
Hogla, mjane wa Elpaali, anaamka giza likingali zito,
anapapasa jani la mzabibu kwa kidole kimoja:
limelowa.

Nani kapita usiku?
Mlango haukulia.
Mbwa hakubweka.
Ndoo ingali kavu kando ya kisima.

Jana langoni, nabii yule mkali
aliyezoea kunguruma
alishusha sauti, akasema
Bwana atatujia kama umande.
Watu wakacheka. Walitaka gharika.

Hogla alikuja na dua ndefu;
imempotea.
Analamba kidole.

Na chini, kusikofika jembe,
mzizi wa mzabibu uliokatwa mwaka jana
umesogea
upana wa ukucha.