Daftari la Mahudhurio

Mwezi wa Juni, Punta Arenas, kipindi cha kwanza tunakianza gizani.
Jua huja saa nne, nalo huja kama mwanafunzi mtoro:
huchungulia dirishani, halimsalimu mtu, huondoka mapema.

Ninafundisha darasa la sita. Watoto thelathini na sita,
kila asubuhi nawaita mmoja mmoja,
Águila, Barría, Cárcamo,
hadi Vukasović anayekaa karibu na hita na kujibu "nipo"
kama mtu anayeomba radhi.

Jumatatu ile Ignacio Barría aliinua kiti akakitupa.
Hakikumpata mtu. Kilichowapata watu ni sauti yangu.
Niliisikia ikitoka, nikaitambua:
ya baba, bandani, siku za kukata manyoya,
alipowakemea kondoo na sisi kwa neno moja lile lile.
Darasa likanyamaza.
Nikageuka, nikaandika tarehe ubaoni kwa mwandiko mzuri,
kana kwamba tarehe ndiyo iliyotupungukia.

Wakubwa walishajua tumechoka. Wakatuletea semina,
Jumamosi, saa mbili hadi saa saba,
na fomu tatu za kujaza kuhusu kupumzika.
Mwezeshaji kapanda ndege kutoka Santiago.
"Fumbeni macho," akasema, "mko ufukweni, maji yanawagusa miguu."
Tukafumba.
Bahari tunayoijua sisi ni hii ya mlango wa Magellan,
huua kwa baridi kabla haijazamisha.
Nelda wa hesabu akaanza kutikisika kwa kicheko,
nikafuata mimi, safu yote ya nyuma ikaporomoka.
Hiyo ndiyo dawa niliyotoka nayo. Kwenye fomu sikuiandika.

Usiku: insha thelathini na sita, kalamu nyekundu.
Nikazisukuma kando.
Kabatini lilikuwamo daftari la mahudhurio la mwaka jana,
kurasa za mwisho tupu.
Nikachora mistari, nikaanza kuita.

Mabega? Yapo, ila yamehamia masikioni.
Usingizi? Haupo, bila ruhusa, siku ya nne mfululizo.
Hasira?
Ilijibu kabla sijamaliza jina lake,
mkono juu, inataka kusema. Siku zote huiambia subiri.
Haya, nikasema, simama useme.
Ikasema sana. Ikasema mshahara,
ikasema mama, anayeniuliza kila Jumapili mimi ni mtoto wa nani,
ikasema Barría, ambaye baba yake yuko kwenye boti za kaa
tangu shule ifunguliwe, na mtoto hujipikia mwenyewe.
Hilo la mwisho nililijua. Nililijua tangu Machi.
Sikuwa na pa kuliweka.

Sikulia vizuri. Nililia kama mtu anayetafuta ufunguo.

Tangu hapo ni dakika kumi kila usiku, chai ikipoa.
Kuna siku naandika mstari mmoja tu: Leo nilikula nimesimama.
Kuna siku: Nelda kaniletea jemu ya kalafate,
nimeipokea bila kusema "usingejisumbua."
Na mara moja: Kicheko kimechelewa, kimeingia saa nne pamoja na jua,
kimeruhusiwa kukaa.
Sijapona. Fomu ingependa niseme nimepona.

Sasa ni Septemba, upepo umerudi, ule wa kung'oa mabati.
Mjini wamefunga kamba kando ya njia, watu washike wasibebwe.
Asubuhi nilikuwa nimeishika, kichwa chini,
mbele yangu begi jekundu. Barría.
Hakugeuka, sikumwita; upepo ungelila jina.
Tukaenda hivyo, kamba moja, mikono minne,
yeye akiivuta kidogo, mimi nikihisi mvuto wake viganjani,
mpaka nyuma ya ukuta wa shule, pasipo upepo,
ndipo nikamwambia samahani. Kwa sauti yangu mwenyewe.
"Ya nini?" akauliza. Nikamweleza.
Akafikiri. "Kiti kimepona," akasema, akaingia ndani.

Usiku huu nimefika mwisho wa orodha.
Mansilla, Yerka?

Kimya.

Kalamu iko juu ya karatasi, siweki alama.
Nawajua watoto wa mji huu:
siku za upepo, wengine huchelewa.