Nguo Isiyofulika

Daktari alichukua yai la chakula chake cha mchana,
akaligonga kwenye ukingo wa meza,
akanionyesha ile ngozi nyeupe chini ya ganda.
"Kila pafu limevikwa kitu kama hiki, bwana Livio.
Nguo ya tabaka mbili, katikati ute kidogo,
ili pumzi ipande na kushuka bila kukwaruza."

Nikaitikia kwa kichwa. Yai hakulila.

Miaka kumi na tisa, hapa Monfalcone, nilivisha mabomba ya meli
pamba ya mawe: asbesto, laini kama unga.
Adhuhuri tulitupiana madonge yake tukicheka,
vijana wenye mvi za vumbi.
Hakuna aliyetuambia. Aliyejua alikaa ghorofani,
dirisha lake limefungwa.

Jioni Ondina aliipokea ovaroli yangu uani,
akaikung'uta ukutani, pa, pa, pa,
kabla ya kuitia kwenye beseni.
Na ule upepo wetu uitwao Bora,
usio na ubora wowote,
ukamrudishia vumbi usoni.
Alikuwa akiimba. Mwimbaji huvuta pumzi hadi chini kabisa.
Hilo ndilo huniamsha saa tisa usiku.

Hakuwahi kuvuka lango la kiwanda.
Mimi, mwenye kadi namba 2216,
nina miaka sabini na nane, nakula, napanda ngazi.
Yeye, uzi mmoja usioonekana kwa jicho
ulipita pua, ukapita koo, ukatoboa pafu,
ukafika kwenye ule utando, ukaketi
miaka arobaini na mmoja, kimya, kama mgeni
asiyeomba hata maji.
Sasa utando umekuwa gome.
Maji wanayatoa kwa sindano, lita moja na nusu,
rangi ya chai.

Ondina, aliyefua shuka za mama yangu
hadi ile ya mwisho,
nepi za watoto watatu, mapazia ya kanisa,
jezi za timu nzima Bruno alipovunjika mguu,
ana nguo moja asiyoweza kuivua
akaianika.

Jana nilimpelekea gauni la kulalia. Nimelifua mwenyewe.
Akalinusa. Akacheka nusu,
nusu nyingine haikupata njia.
"Hujalisuuza," akasema.

Nikarudi nalo bombani.