Njia ya Kutokea

Daktari Aulikki hakuanza na pole.
Aligeuza skrini, akanionyesha kifuko,
na ndani yake punje, imetulia
kama changarawe chini ya barafu.
"Kwa kalenda ni wiki tisa," alisema.
"Kwa kipimo, saba. Moyo haupigi."
Ndipo akatoa pole yake,
fupi, iliyonyooshwa kama shuka la wodini.

Nje, Oulu ilikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri
na Jarkko yuko barabarani na trekta la theluji,
simu yake ndani ya koti, koti chini ya kiti.

Ile ya kwanza haikumuuliza mtu.
Ilitoka usiku wa kiangazi, jua halijazama,
nikiwa chooni kwa shemeji, kando ya ziwa,
wenzangu wakiimba nje.
Asubuhi mfuko wa uzazi ulikuwa mtupu,
umejifagia wenyewe.
"Hakuna la kutibu," walisema.
Nililichukia neno hilo, hakuna.

Hii imekufa bila kuaga, bila kuondoka.
Mlango umefungwa.
Na mwili wangu, mjinga wangu mpenzi,
bado unatapika alfajiri, bado unajaza matiti,
unamwandikia meza mgeni
aliyekwisha kufa sebuleni.

Aulikki alivuta kiti.
Tunaweza kungoja, alisema, pengine wiki mbili,
hadi mwili ugundue wenyewe.
Lakini homa ikipanda, au pedi mbili zikilowa ndani ya saa moja,
kungoja kumekwisha, njoo, hata usiku.
Kuna vidonge: kimoja leo, hapa mbele yangu,
vinne keshokutwa, nyumbani, na mtu awe nawe,
tumbo litabana kupita hedhi yoyote uliyowahi kuijua.
Na kuna mrija wa kufyonza. Unalala, dakika kumi, unaamka.
Hatari yake ni ndogo. Sikwambii haipo.

"Ungekuwa wewe?"
"Siyo mimi," alisema.
Nilimpenda kwa jibu hilo, ila siyo siku ile.

Koridoni walimpitisha msichana kwenye kitanda cha magurudumu,
mbio, mkono wake ukining'inia,
damu imefika kwenye soksi.
Yake ilitoka nusu; kondo limebaki ndani, limeng'ang'ania.
Hakuna aliyemvutia kiti, hakuna aliyesema pengine.
Nilimwonea wivu.
Naliandika hili kwa sababu sijamwambia mtu:
nilimwonea wivu kwa kutoulizwa.

Nilimeza kidonge. Maji yalikuwa ya uvuguvugu.

Keshokutwa Jarkko hakwenda kazini.
Alipasha supu ya samaki, ikapoa, akaipasha tena.
Alipoona sitaki kushikwa, akachukua koleo,
akasafisha njia kutoka mlangoni hadi getini.
Kisha akaisafisha tena.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
kwetu jembe alilishika baba.
Nilisikia chuma kikikwaruza, kikikwaruza,
nami sakafuni bafuni, goti kwenye zulia la plastiki,
nikihesabu: bano, pumzi, bano,
hadi saa tisa alasiri, giza limeshaingia,
likatoka lililotoka.

Nililitazama. Wengine hawatazami, nao hawakosei.
Halikuwa na uso.
Nilisema karibu, maana neno jingine halikunijia.

Baada ya hapo ikawa damu kidogo, vidonge vya maumivu,
na sindano ya mkononi kila Jumatano
kupima homoni inavyoshuka:
elfu mbili, mia tatu, arobaini.
Sijawahi kufuatilia hesabu yoyote kwa makini hivyo.
Ilipogota chini, Aulikki alipiga simu mwenyewe.
"Kumesafika," alisema. Kisha akakaa kimya kwenye laini
muda mrefu kuliko kazi yake ilivyomtaka.

Jioni hiyo Jarkko alisimama mlangoni na koleo.
Theluji haikuwa imeanguka siku nne.
"Niende?" aliuliza.
Nikamwambia nenda.