Kwenye Kitalu cha Chavakali

Hapana, Endagwa, mkaratusi rudisha.
Ule wa marehemu ulitosha: ulikunywa kijito
hadi vyura wakahamia kwa jirani.

Nipe kayaba, miche arubaini,
yenye miiba ya kumzuia shemeji
anayesogeza mpaka kila masika, unyayo kwa unyayo,
kama mtu avutaye blanketi usingizini.

Na huo unaotambaa? Bugenvilia.
Rangi gani?
Hujui, mpaka uchanue.
Nitauchukua hivyo hivyo. Nami niliolewa hivyo.

Kisha lusiola. Mmoja.
Usinikodolee macho, najua wasemavyo:
mwanamke akipanda mti, mumewe hufa.
Wangu alikufa Agosti,
nami sikuwahi kupanda hata mpapai.

Shimo nimeshalichimba mwenyewe, futi mbili,
nikatia samadi ya ng'ombe wa Kageha,
mkabala na dirisha la jikoni,
ili nikisugua sufuria niuone
ukitoa maua ya manjano
bila kumwomba mtu ruhusa.

Haya, piga hesabu.
Chenji usinirudishie, Endagwa.
Nifungie na mche wa mpera.