Kuumwa kwa Niaba

Kwenye karatasi ya halmashauri aliandikwa tabibu.
Sisi tukamwita dokta siku ileile,
vumbi jekundu la Newala likiwa bado kwenye nyusi zake,
begi limefungwa kamba ya katani,
anauliza bomba la maji liko wapi.
Nikamwonyesha ndoo.
Nikamtajia na bei yake.

Ndealila, binti wa Machame,
mwendo wake kama kuna basi linamwacha.
Mimi nina miaka ishirini na miwili katika zahanati hii,
nimezika mizani mbili na majokofu matatu.
Nikasema moyoni: huyu hamalizi mwezi.

Wiki ya pili benchi likajaa watu wazima,
wazima kabisa.
Bibi Somoe alileta ukili wake, asuke.
Mzee Nangumbi akaja na kiti kutoka nyumbani.
"Unaumwa nini, baba?"
"Mimi siumwi. Namsubiri Likanda aingie.
Jana mliishia pale ulipomwambia avue shati."

Ilikuwa Juni, mikorosho inapuliziwa salfa,
kijiji kizima macho mekundu kama waliofiwa.
Yeye akaandika kwenye daftari: mlipuko.
Akapiga simu wilayani.
Wilaya ilicheka mpaka mtandao ukakatika.

Halafu akaingia Siwema,
tumbo la miezi minane limemtangulia,
akakohoa kikohozi kisicho chake.
"Mume wangu analala ameketi. Usiku jasho. Damu kidogo.
Mwenyewe yuko shamba, pampu mgongoni.
Nimekuja kuumwa kwa niaba."

Benchi likaangua kicheko. Hata mimi, Mungu anisamehe.
Dokta naye akachukua kipimo cha presha, mzaha tu,
"Haya, nimpime yeye kupitia kwako,"
akamfunga mkono, akabinya mpira.
Akatulia.
Akabinya tena.
Nikaona tabasamu linabaki usoni bila mwenyewe.

Gari la wagonjwa lilikuwa Kitangari, juu ya mawe.
Tukapanda fuso lililoleta salfa:
Siwema juu ya magunia, vidole vimevimba, pete haigeuki,
dokta kainua dripu kama mshika bendera,
anapiga chafya, anaomba radhi, anapiga chafya.
"Dokta," Siwema akasema, "wewe unahitaji daktari."
Tulicheka mpaka kwenye kona ya josho.
Baada ya kona kifafa kikamkamata.

Mama alirudi. Mtoto hakulia.
Nimeiandika sentensi hiyo mara nyingi,
kwenye daftari la uzazi ina safu yake.
Yeye alikuwa hajawahi.
Nilimkuta nyuma ya tangi, ndoo imefurika,
maji ya shilingi mia tano yanakwenda mchangani,
na muuza maji amesimama pembeni,
anayatazama, hamdai.

Jumatatu benchi lilijaa, lakini hakuna aliyesuka.
Mzee Nangumbi alikiacha kiti nyumbani.
Akaja Nampanda, mume wa Siwema,
shati la Ijumaa, viatu mkononi,
akasimama mlangoni kama mtu aliyefika kwa anayemdai.
"Dokta," akasema,
"nimekuja kuumwa mwenyewe."

Hakuna aliyecheka.
Kisha nikasikia mtu anacheka, na alikuwa yeye, Ndealila,
amejiziba mdomo kwa mkono wa koti, mabega yanatikisika.
Sikutaka kuangalia sana kama ni kicheko.
Akampa kikopo cha makohozi.
Akavuta stuli karibu, akapasha moto chuma cha kifuani
kwa kiganja, kama anavyowafanyia watoto.
"Vuta pumzi," akamwambia,
na benchi zima, bila kuagizwa,
likavuta.